Maji yana kwao!

Mtu wa mjini akiona kwenye taarifa ya habari nyumba imezama hadi dirishani, neno la kwanza linalomtoka ni lile lile: "Hivi hawa watu wa mabondeni hawaoni?" Linasemwa kijiweni, linasemwa saluni, linasemwa ndani ya daladala na konda naye anatia lake. Mvua ikikatika na jua likitoka, wote tunarudi kwenye mabishano ya Simba na Yanga. Wale wa bondeni wanabaki wanaanika magodoro.

Basi swali hilo nikaamua kulipeleka kwa wenyewe. Jumamosi mbili mfululizo, kabla masika hayajakolea, nilitia nauli mfukoni nikazunguka pembezoni mwa Jiji. Ya kwanza Kinondoni, ya pili Temeke. Habari za Coco Beach wapo wengi wa kukuandikia, msomaji wangu. Mimi nilikwenda kutalii mabondeni.

Nakupa jibu mapema ili usije ukasema nimekuzungusha: wanaona. Tena wanaona kuliko wewe na mimi. Kinachowaweka pale ni hesabu, na hesabu yenyewe ukiwekewa mezani, hata wewe uliyesoma itakutoa jasho.

Tuanzie Kinondoni Mkwajuni. Ukishuka kituoni, ukaacha nyuma kelele za bodaboda na spika za wauza dawa za panya, ukateremka kidogo tu, mji unabadilika. Vumbi linakuwa tope kavu lililopasuka-pasuka. Matete yanaanza. Angalia juu kwenye miti: matambara na vipande vya nailoni vimenasa kwenye matawi, vingine vimezidi kichwa cha mtu mzima. Hakuna aliyevitundika pale. Ile ni sahihi ya mto, kwamba siku fulani ulipita kwa urefu huo.

Hapa ndipo Desemba 2015 tingatinga lilipita. Nyumba zilizokuwa bondeni zikapigwa alama nyekundu ya X, kisha zikalazwa chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Na zamani zaidi, mpango mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 ulishayataja mabonde haya kuwa ya hatari. Lakini Jiji lenyewe halikusubiri mpango. Sensa ya 2002 ilikuta Dar ina watu milioni 2.5 hivi. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Wote hao walitaka pa kulaza ubavu, na kwa mwenye mfuko mwepesi, pa kuanzia pakawa huku chini.

Kwenye kingo za bonde nyumba bado zipo. Nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye kigoda, kikaango cha vitumbua kiko motoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikufungie vya elfu?"

Nikala palepale huku tunapiga stori. Baadaye akaniingiza ndani, na nakwambia, ile nyumba ya vyumba viwili ni chuo kikuu cha maji! Kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa matofali hadi magotini, unakivuka kama unaingia kwenye dau. Kitanda kimepandishwa juu ya matofali, kila mguu manne. Juu kabisa, karibu na bati, kuna mbao zimepangwa: unga, mkaa na cherehani ya binti yake vinalala huko. Ukuta wa nyuma, chini kabisa, una tundu limezibwa kwa jiwe na tambara.

"Hilo la nini, mama?"

"La kutolea mgeni. Akiingia mlangoni, tunamwonyesha njia ya kutokea."

Kando ya mlango, kwenye msumari, unaning'inia mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine. Humo mna vyeti vya watoto, kadi za kliniki na kitambulisho cha taifa. "Hivi vinatoka kabla yangu," akasema. Na ukutani kuna mstari wa kahawia, umenizidi kiuno. Kila mwaka anapiga chokaa, lakini mstari ule anauruka. Ndipo maji yalipofika Desemba 2011, na anataka watoto wauone.

Nikamuuliza, anajuaje kama maji yanakuja? Akacheka. "Mvua ya hapa haituui, mwanangu. Tunatazama Pugu na Kimara." Maana yake Mto Msimbazi unatokea vilima vya Pugu, unakusanya vijito njiani, unapita Kigogo na Jangwani mpaka Daraja la Selander, ndipo unaingia baharini. Unaweza kuwa umeanika nguo huku jua likiwaka, kumbe juu wingu limeshakatika na mzigo uko njiani. Maji yakibadilika rangi yakawa ya udongo mwekundu, yakaleta povu na magogo, jirani wa kwanza kuona anapiga sufuria. Usiku wa mvua watu wazima hulala kwa zamu, watoto wanalazwa na nguo zao.

Kuna lingine ambalo huwezi kulipata kwa dalali. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kupita kawaida. Mto ukija na mzigo wake saa hiyo unakuta mlango wa bahari umefungwa, maji yanarudi nyuma kutafuta pa kukaa. Kwa hiyo mama huyu wa vitumbua anatazama wingu la Pugu kwa jicho moja na kuhesabu siku za mwezi kwa jicho la pili. Mtaalamu gani tena unataka?

Sasa nikatoa swali lile la kijiweni. Kwa nini asihame?

Akaanza kuhesabu kwa vidole vilivyojaa unga. Kodi anayolipa hapa ni ndogo kuliko ya chumba chochote kilicho juu ya barabara. Mchele ananunua sokoni Tandale, anakwenda kwa mguu. Wateja wake ni mafundi na madereva wa kituoni, wanamjua na wanamkopa, na yeye anawajua. Mchezo wa kupeana pesa wa kila wiki uko mtaa huu. Akihamia mbali, anaacha vyote hivyo na anaanza kununua nauli. Halafu akamaliza na neno ambalo nimelibeba mpaka leo:

"Maji huja mara moja kwa mwaka, mwanangu. Njaa huja mara tatu kwa siku."

Jamani, mtu kama huyu utamwambiaje kwamba haoni?

Nisije nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa lakini. Ile mara moja kwa mwaka inaua. Desemba 20, 2011, siku 11 tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mbingu zilifunguka juu ya Dar. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikasema mvua ya aina ile haikuwahi kuonekana hapa tangu 1954. Watu wapatao 40 wakafa, maelfu wakabaki bila pa kulala. Mafuriko yakarudi Aprili 2014, yakarudi Aprili 2018, yakarudi Oktoba 2020. Na Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule, zilizochochewa na El Niño, zimeua watu 155 nchi nzima na kugusa zaidi ya 200,000.

Na kuna uchafu wa kibinadamu pia, lazima tuuseme. Mvua ikikolea, wapo wanaofungua vyoo vyao ili maji yabebe. Kutapisha, ndiyo jina lake. Kulipia gari la kunyonya ni pesa, mto ni bure. Ila kinachotapishwa kwako kinaingia kwenye kisima cha mwenzako wa chini. Kipindupindu kilipoibuka Dar Agosti 2015 kilianzia Kinondoni hii hii, na visima na vyoo vilijaa midomoni mwa kila mtu wa afya. Hesabu ya nyumba moja ikimtupia mzigo jirani, hiyo tena si akili, ni ubinafsi.

Baada ya maafa ya 2011 Serikali ilifanya lile ambalo kijiwe kizima kilikuwa kinadai: iliwahamisha watu. Kuanzia Januari 2012 familia za waathirika zikapelekwa Mabwepande, zikapewa mahema na viwanja. Nami nikaona nifuate njia yao. Kutoka Mkwajuni unatafuta gari la Bunju, unakwenda weee, Mwenge, Tegeta, Boko, mpaka Bunju. Ukishuka unaunganisha tena kuingia ndani, upande wa msitu wa Pande. Saa mbili hivi njiani, na hapo foleni ilikuwa na huruma.

Mabwepande ya leo imechangamka. Ardhi iko juu, upepo mwanana, nyumba za matofali, maduka, watoto wa shule wamejaa barabarani. Huko nilimkuta dada mmoja fundi cherehani ambaye familia yake ilitoka bonde la Msimbazi na ikakubali kubaki. Anasema tangu waje hajawahi kuamka usiku kusikiliza mto. Usingizi wa namna hiyo, kwa mtu aliyezaliwa bondeni, ni mali.

Lakini miaka ya mwanzo ilikuwa kasheshe. Mumewe alikuwa akisukuma mkokoteni Kariakoo. Kwenda na kurudi kila siku kulikuwa kunakula nusu ya alichopata, kwa hiyo akawa analala hukohuko mjini wiki nzima, anarudi Jumapili. "Kaka, tuliokoka maji tukazama kwenye nauli," akanambia huku anakanyaga cherehani. Baadhi ya majirani walishindwa. Wakauza kiwanja, wakarudi kupanga kulekule bondeni walikotolewa. Magazeti yakawasema sana. Ukiwa umekaa na mama wa vitumbua asubuhi, jioni huwashangai.

Jumamosi ya pili nikageuza upande, nikapanda gari la Mbagala Rangi Tatu. Na huku Temeke ndiko nilikoelewa jambo la majina.

Hebu sikiliza majina ya Jiji hili kwa makini. Mbagala kuna kata inaitwa Kibonde Maji. Kuna mtaa unaitwa Maji Matitu, na "titu" ni "eusi": maji meusi, maji yaliyotuama. Mtoni unaijua. Ukirudi Kinondoni, kuna Kijitonyama, kijito kimo ndani ya jina. Kuna Bonde la Mpunga kule Msasani, ambako sasa wamejenga majumba ya nguvu na masika wanalia. Kwani mpunga unaota kwenye ukavu? Wazee waliotutangulia hawakuandika ripoti. Waliandika majina, sisi tukayageuza kuwa vituo vya daladala.

Nikashuka Kongowe, karibu na Mto Mzinga. Hii ndiyo njia ya Kilwa, njia ya kwenda Rufiji, na wazee wengi wa huku asili yao ni huko. Mmoja nilimkuta chini ya mkorosho anasuka ukili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepotea au umetumwa?"

Nikamweleza. Akatabasamu, akaanza kunipigia hadithi ya kwao. Rufiji, alisema, mafuriko yalikuwa sehemu ya kalenda. Mto ulipanda, ukalala mashambani, ukashuka na kuacha udongo mnono. Hapo watu wanapanda kwa mara ya pili juu ya unyevu ule, kilimo kinaitwa mlau. Na ili kuishi katikati ya maji walijenga madungu, vibanda juu ya nguzo ndefu, unalala juu, chini mto unapita na mambo yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Usalama ukapatikana, shamba likabaki kule chini. Watu wakawa wanarudi bondeni msimu wa kulima, wanalala kwenye madungu yao.

Msomaji, umeona? Rufiji ya wakati ule na Mabwepande ya 2012 ni hadithi moja, imebadilisha nguo tu. Unamtoa mtu kwenye maji, unamwacha riziki yake ndani ya maji. Miguu yake itafuata riziki.

"Basi babu, nyie mmeyazoea mafuriko," nikamchokoza.

Akaweka ukili chini. "Usichanganye. Maji ya kwetu yalikuwa mgeni anayebisha hodi. Anakuja polepole, anakaa, akiondoka anaacha zawadi. Haya ya Dar ni mwizi. Anaingia usiku, anaondoka na godoro, anaacha mchanga na kinyesi."

Akanieleza na sababu, na ukiitazama ni kweli tupu. Alipofika hapa, vilima hivi vilikuwa vya mikorosho na miembe, mvua ikinyesha ardhi inakunywa. Sasa ni mabati, lami na zege, na bati halinywi maji. Tone lililokuwa linachukua siku kufika mtoni linachukua dakika. Juu yake weka taka zilizoziba makalvati, weka wanaochimba mchanga kingoni usiku usiku mpaka mto unakula uwanja wa shule. Hata Rufiji yenyewe, Aprili 2024, mgeni yule alikuja kwa ukali na kufunika mashamba na nyumba. Uzoefu wa babu una mipaka na yeye mwenyewe anaijua.

Kilichomuuma zaidi ni majirani wapya. Vijana wa mjini, wenye kazi zao nzuri, wananunua viwanja Chamazi, Mbande, Toangoma. Wanakuja kiangazi, dalali anawaonyesha tambarare safi, majani mabichi hata Septemba. Hawaulizi kwa nini majani ni mabichi Septemba! Wanamwaga kifusi, wanapiga ukuta wa futi nane na geti la kisasa. Masika yakija, maji yanakuta njia yao ina geti. Ama yanaangusha ukuta, ama yanageukia kwa mzee mwenye kibanda cha jirani. Kwa Kinondoni ni vilevile, kule Boko Basihaya nyumba za maana, zenye magari uani, zimewahi kukaa ndani ya maji kama meli.

Kwa hiyo sasa swali la "hawaoni?" inabidi tujigeuzie sisi wenyewe. Mama wa vitumbua anajua hatari yake hadi sentimita, ameichora ukutani. Wewe unayekatwa mkopo wa kiwanja kazini, unajua ya kwako?

Yapo mambo yaliyowezekana, isije ikawa nimekuharibia Jumapili. Miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, kwa mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, walichimba na kujenga mifereji ya mvua kwa mikono yao na wakalipwa kwa kazi hiyo. Mfereji ukapatikana na unga ukapatikana. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vyetu, Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliingia mitaani na mradi wa Ramani Huria, wakatembea na wenyeji kuchora mitaro na mahali maji yanapofika. Mto Ng'ombe unaopita Tandale umejengewa kingo. Na Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, umekusudia kuinua daraja jipya Jangwani na kuufanya mto upumue. Vyote vizuri. Vitapimwa kwa jambo moja: wale wanaotoka bondeni wanatoka na biashara zao, au wanatoka na hundi tu?

Sasa mshikaji wangu unayetafuta kiwanja, nikuachie mambo matano ya bure. Moja, uliza jina la zamani la mahali, lile la kabla ya dalali. Pili, tafuta mzee aliyekaa hapo miaka 30, mnunulie kahawa, muulize maji ya 2011 na ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi. Tatu, hesabu hatua kubwa 60 kutoka mtoni, kisha ongeza nyingine za roho yako. Nne, tazama miti, tazama kuta za majirani, mstari wa kahawia hausemi uongo.

Na la tano ndilo kubwa. Dalali atakupigia simu Agosti, jua linawaka, akuharakishe kwamba kuna mteja mwingine anakuja kesho. Mwambie asante. Subiri Aprili, vaa viatu vya mvua, nenda siku imenyesha usiku kucha. Ukikuta kiwanja kimekauka, lipa. Kiwanja, ndugu yangu, kinanunuliwa masika.